Viumbe wa mwamba wa matumbawe: mwongozo kwa wanaozamia pwani yetu

Mwamba wa Mnemba, wa Ghuba ya Chole kule Mafia au wa Watamu una viumbe wengi mno kwa macho ya mtu anayeshuka mara za kwanza. Anapanda juu amechoka, ameona rangi tupu, na akiulizwa aliona nini hana la kusema. Kukariri majina hakumsaidii sana. Kinachomsaidia ni kujua kila sehemu ya mwamba inakaliwa na nani na kwa nini amechagua kukaa hapo. Ukishalijua hilo unajua pa kutazama, na unajua vilevile pa kutoweka mkono wala goti.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye cheti cha kwanza cha kuzamia, yaani anayeruhusiwa kushuka hadi mita 18, na wa vijana wanaoongoza wageni. Anayeelea juu kwa miwani na bomba la kupumulia naye atapata mengi humu, kwa sababu sehemu kubwa ya viumbe tunaowataja wanakaa kwenye maji yasiyozidi kina cha mita 10.

Hatua ya 1: Chagua maji kabla hujachagua mwamba

Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Wakati huo tofauti ya maji kujaa na kupwa huku Unguja na Mafia hufika karibu mita 4, na mikondo kwenye milango ya bahari huwa mikali. Maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, ni rafiki wa anayejifunza.

Maji hayaendi kwa kasi moja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza na ya mwisho huenda polepole. Saa ya tatu na ya nne ndizo hukimbia, na karibu nusu ya maji yote hupita humo. Kwa hiyo panga kuingia maji yakiwa yamesimama, au yakiwa kwenye saa ya mwisho ya kujaa.

Mlango wa Kinasi, unaoingia Ghuba ya Chole, unaonyesha vizuri kwa nini. Maji yakijaa, bahari safi ya nje inaingia ghubani, unaona mbali, na mkondo unakusukuma ndani ambako boti inakusubiri. Maji yakipwa, uchafu na mchanga wa ghuba nzima unapita hapo, uoni unaharibika, na mkondo uleule sasa unakupeleka bahari kuu. Mwamba ni ule ule na kina ni kile kile, lakini kuzamia kwake ni kwingine kabisa.

Kwa misimu, maji huwa safi zaidi mnamo Oktoba na Novemba, kisha tena Februari na Machi kaskazi inapolegea. Kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, hupiga sana upande wa mashariki wa visiwa, na maji hushuka hadi nyuzi 25 hivi. Machi yanaweza kupita 29. Wakati wa masika usitegemee uoni mzuri karibu na midomo ya mito, kama Sabaki kule Malindi au Rufiji mkabala na Mafia. Suti ya milimita 3 inatosha kaskazi. Kusi vaa ya milimita 5. Vaa inayofunika mikono na miguu yote hata kama husikii baridi, maana itakukinga na konyeza, na tumbawe la moto, na jua. Ukivaa hivyo huhitaji kujipaka mafuta ya jua mwili mzima, na baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazodhuru matumbawe.

Hatua ya 2: Elewaneni mkiwa bado botini

Chini ya maji hakuna kuulizana. Kubalianeni mapema ni nani anaongoza, mtageuka mkiwa na hewa kiasi gani (kwa mtungi ulioanza na bar 200, bar 100 ni kipimo kizuri), na kwamba mtatoka na akiba isiyopungua bar 50.

Kisha pitieni ishara za viumbe. Kiganja kilichosimama wima juu ya paji la uso ni papa. Viganja viwili vimelaliana huku vidole gumba vikizunguka ni kasa. Vidole vya mikono miwili vimepishana na kutawanyika ni samaki-simba. Mkono unaofunguka na kufumba kama mdomo ni mkunga, samaki mrefu kama nyoka. Mkono mdomoni, vidole vikichezacheza kwenda chini, ni pweza. Muhimu kuliko zote ni ngumi inayoelekezwa kwenye kitu: maana yake hapo kuna hatari, usisogee. Kiongozi asiyefundisha ishara hiyo botini atajikuta anamvuta mgeni mguu.

Hakikisha botini kuna chupa ya siki lita 1, chupa mbili za chai zilizojaa maji ya moto, ndoo ndogo, kibano, bendeji mbili pana za kunyumbuka, maji safi ya kunawa, na mtungi wa oksijeni. Maji ya moto ndiyo husahaulika mara nyingi, na ndiyo yanayohitajika mara nyingi kuliko vingine vyote. Matumizi yake tunayaeleza hatua ya 7.

Hatua ya 3: Jifunze kuelea, ndipo uende kwa samaki

Karibu kila madhara ya mzamiaji kwa mwamba, na ya mwamba kwa mzamiaji, yanatokana na kutoweza kuelea sawasawa. Tumbawe lenye umbo la jiwe la duara hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. La matawi hukimbia zaidi, hata sentimita 10 kwa mwaka. Teke moja la mapezi linavunja kazi ya miaka.

Pima risasi zako, yaani vipande vya uzito unavyovaa ili uzame, juu ya maji. Toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, vuta pumzi ya kawaida, ishike kwa muda mfupi, na usipige miguu. Maji yakusimamie usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame polepole. Ukizama kama nanga, punguza kilo moja na upime tena. Ukipima kwa mtungi uliojaa, kumbuka kwamba mtungi wa aluminiamu hupungua karibu kilo 2 hewa ikiisha. Ongeza uzito huo, la sivyo mwishoni utashindwa kutulia kwenye mita 5 kabla ya kutoka majini.

Wanaoanza hubebeshwa risasi nyingi ili washuke haraka. Matokeo yake ni haya: uzito unawavuta kiuno chini, wanajaza jaketi hewa ili wasizame, kifua kinapanda, miguu inaning'inia, na kila teke linatimua mchanga. Mchanga huo unawaangukia wanyama wadogo wa tumbawe, nao hulazimika kutumia nguvu zao kujisafisha.

Baada ya kupata uzito sahihi, tumia dakika tano za kwanza juu ya mchanga mtupu. Lala kifudifudi, magoti yamekunjwa, mapezi juu kuliko tumbo. Piga miguu kama chura, kwa pembeni, badala ya kuipiga juu na chini. Pandisha na ushushe mwili kwa mapafu peke yake: ukivuta pumzi kwa kina unapanda polepole, ukiitoa unashuka. Usiizuie pumzi kamwe. Ukiweza kukaa mahali pamoja kwa dakika moja bila kutumia mikono, uko tayari kusogea kwenye mwamba, na hata hapo kaa mita 1 juu yake. Fungeni saa inayoonyesha hewa iliyobaki na regyuleta (kifaa cha kupumulia) ya akiba kifuani zisiburuzwe.

Macho nayo yanadanganya. Ndani ya maji kitu huonekana kikubwa kwa theluthi moja na karibu zaidi kuliko kilivyo. Wekundu ndio hupotea mapema, kiasi kwamba ukijikata kwenye mita 18 damu inaonekana ya kijani. Samaki mwekundu chini ya jiwe anaonekana kama kivuli. Ndiyo maana tochi ndogo inafaa hata mchana.

Hatua ya 4: Usome mwamba sehemu kwa sehemu

*Mchanga na majani ya bahari.* Wengi hupita hapa haraka kwenda kwenye rangi, na wanapoteza. Tafuta macho mawili yanayochomoza mchangani na tundu mbili nyuma yake: huyo ni taa, samaki bapa, aliyejifukia. Yule mdogo wa madoa ya buluu hupenda kulala chini ya kibaraza cha jiwe, mkia ukiwa nje. Mwiba wake uko kwenye mkia, na huchoma akikanyagwa au akizibiwa njia, kwa hiyo usimkaribie kutoka juu wala nyuma. Anayetembea maji mafupi aburuze miguu mchangani badala ya kuinyanyua; taa akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe.

Mkundaji utamjua kwa ndevu mbili kidevuni anazopekulia mchanga. Karibu naye huwa kuna samaki wengine wanaosubiri kilichofukuliwa. Majongoo bahari yaache yalipo. Yanameza mchanga, yanakula uchafu uliomo na kutoa mchanga safi.

Konokono koni ndiye wa kumhofia hapa. Gamba lake ni zuri, limechorwa kama nguo, na ndiyo sababu watu huliokota. Ndani yake kuna mshipa wenye mwiba kama chembe ya mshale, unaoweza kufika sehemu yoyote ya gamba, kwa hiyo hakuna upande salama wa kumshika. Sumu ya aina kubwa inayokula samaki hulemaza misuli ya kupumua, na dawa maalumu ya kuipinga haipo. Usiokote gamba lolote la umbo la koni, hata unaloliona tupu, na usilitie mfukoni mwa suti. Ndani ya maeneo ya hifadhi ya bahari, kuokota ni marufuku hata hivyo.

*Kifusi.* Mahali palipojaa vipande vya matumbawe yaliyovunjika panaonekana pamekufa, na hapo ndipo samaki-jiwe hukaa. Hana magamba, ngozi yake ina vinundu, na mwani huota juu yake. Hatakukimbia. Ana miiba 13 mgongoni na kila mmoja una vifuko vya sumu. Mwiba ukichoma kwa nguvu unaweza kupenya soli laini. Ukitaka kumwona, acha kutafuta samaki. Tafuta mdomo: mstari uliopinda kwenda chini, kama mwezi uliogeuzwa, kwenye jiwe ambalo pande zake zinalingana kupita kiasi. Mawe hayana pande zinazolingana. Ukimpata mmoja, angalia eneo zima kabla ya kusogea.

Pweza naye hupenda kifusi. Usimtafute yeye, tafuta uani kwake: tundu lenye rundo la makombe matupu na vijiwe visafi mlangoni. Akina mama wanaochokoa pweza maji yakipwa husoma alama hiyohiyo. Kaa mita 2, tulia, usimulike machoni. Akiona humsogelei, jicho litapanda kwanza, kisha kichwa, na akizoea atatoka na kuendelea na mawindo, akibadilika rangi na hata umbile la ngozi kila anapogusa kitu kipya. Chewa au mkundaji anayemfuata pweza ni dalili nyingine nzuri.

*Mwamba wenyewe.* Nyamaza usikilize. Mkwaruzo unaousikia ni pono wakikwangua mwani kwenye mawe kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Wanachokikwangua wanakisaga, na kinatoka kama mchanga mweupe. Utawaona wakikiachia kama moshi. Sehemu nzuri ya mchanga wa fukwe zetu imepitia tumboni mwao. Alama za meno yao ni mistari miwili myeupe mifupi kwenye jiwe. Kangaja hula mwani pia, na ana kisu kidogo pande zote mbili za shina la mkia, kwa hiyo usijaribu kumshika.

Anemoni hapa kwetu mara nyingi ina mmoja wa aina mbili za samaki: yule wa rangi ya chungwa hafifu mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni, au yule mweusi-njano mwenye mikanda miwili myeupe. Katika kila familia mkubwa ni jike, anayefuata ni dume lake, na wengine wanasubiri zamu. Jike akifa, dume hugeuka jike. Samaki hao wakikutokea na kukugonga miwani, angalia chini ya sketi ya anemoni: kuna mayai yamebandikwa kwenye jiwe. Rudi nyuma, kwa sababu kila sekunde wanayokufukuza mayai hayapepewi na yako wazi kwa wezi.

Sehemu ya kusimama muda mrefu zaidi ni kituo cha usafi. Utakijua kwa mkao wa wateja: samaki mkubwa ameganda, kichwa juu au chini, mdomo wazi, mashavu yamefunguka, pengine rangi imebadilika. Wanaomhudumia ni wadogo, buluu wenye mstari mweusi, wanaingia hadi kwenye makoo ya chewa na kutoka. Kaa mita 3 hivi, chini kidogo ya usawa wao, usiwe kati yao na njia ya kutokea. Dakika tatu za kutulia zinatosha kuona foleni ikirudi. Kuna tapeli mmoja anayevaa rangi zilezile. Huyo hung'ata pezi la mteja na kukimbia. Mdomo wake uko chini ya pua, si mbele, na mteja aliyefikiwa naye utamwona akishtuka ghafla.

*Mashimo na vibaraza.* Mkunga hufungua na kufumba mdomo kwa sababu ndivyo anavyopitisha maji kwenye mashavu. Hatishi mtu. Macho yake ni dhaifu, pua yake ni kali, na ajali nyingi za mkunga huanzia kwa mtu aliyempelekea chakula mkononi au aliyetia mkono tundu asilolijua. Kwenye vibaraza hivyohivyo mtapata kamba wakubwa, wa kuonekana kwa pembe zao ndefu zinazotoka nje, na samaki-simba wakining'inia kichwa chini.

Samaki-simba huyu ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi na ana maadui na nafasi yake hapa. Kule Karibi ni mvamizi na wazamiaji huhimizwa kumuua. Picha hizo zisikufanye umchome huku.

*Ukingo na buluu.* Kila dakika chache, inua macho kutoka mwambani. Mzia, kolekole na, kwa bahati, papa au pomboo hupita nje ya ukingo huku kundi zima likichungulia jiwe. Papa ni wachache pwani yetu kwa sababu ya uvuvi. Ukimwona, simama wima, mtazame, usimfuate.

Hatua ya 5: Wanaohitaji nafasi maalumu

*Kikande mkubwa.* Huyu ndiye samaki anayewang'ata wazamiaji kuliko papa. Hufika sentimita 70 na zaidi, na meno yake yanavunja matumbawe. Msimu wa mayai huchimba beseni pana kwenye mchanga au kifusi na kulilinda. Dalili ni hizi: yuko peke yake, kichwa chini, anapuliza maji kwenye mchanga, akikuona anageuka ubavu kukutazama kwa jicho moja, na mwiba wa kwanza wa mgongo unasimama. Hapo tayari umeonywa.

Watu hukosea kwa kupanda juu. Eneo analolilinda ni kama faneli, jembamba chini na pana juu, kwa hiyo ukipanda bado umo ndani yake, tena umejiingiza kwenye hatari ya kupanda haraka. Ondoka kwa upande, ukiwa chini, ukiogelea chali huku mapezi yakimwelekea. Akija, ang'ate pezi. Endelea mpaka aache kukufuata, kisha badilisha njia ya kundi zima lisirudi hapo.

Vikande hao hao na jamaa zao wadogo ndio wanaokula urchini, wale wa duara wenye miiba mirefu myeusi. Kwenye miamba ya Kenya utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba samaki hao wakivuliwa kupita kiasi, urchini huongezeka hadi kuutafuna mwamba wenyewe. Ukiona urchini wametapakaa mchana kweupe badala ya kujificha nyufani, tazama kama kuna kikande yeyote karibu. Aghalabu hutamwona.

*Kasa.* Wa mwambani mara nyingi ni ng'amba, mwenye mdomo uliochongoka anaochokolea spanji nyufani, na magamba ya mgongo yaliyopandana kama vigae huku ukingo ukiwa na meno. Kasa wa kijani ana uso wa duara, magamba hayapandani, na anapenda majani ya bahari. Ukiwa karibu vya kutosha kuona uso: kati ya macho, wa kijani ana jozi moja ya magamba marefu, ng'amba ana jozi mbili.

Kasa anayekula hakujali. Kasa anayelala chini ya kibaraza ana mahesabu ya pumzi. Mkimzunguka ataamka, atatumia hewa aliyoitunza na atalazimika kupanda. Kaeni upande mmoja, mbele kidogo, aweze kuwaona nyote. Njia ya kwenda juu ibaki wazi. Anapopanda kupumua, msipande naye. Kumshika au kumpanda ni kosa kisheria Kenya na Tanzania.

*Potwe.* Papa huyu mkubwa huonekana magharibi mwa Mafia, mbele ya Kilindoni, takriban Oktoba hadi Februari au Machi, akifuata chakula kidogo kidogo kinachoelea karibu na juu. Ingia maji kwa utulivu pembeni yake, kwa miwani na bomba tu. Kaa mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, usizibe njia ya mbele, usitumie mwanga wa kamera. Boti moja kwa potwe mmoja, na watu wasizidi kumi majini. Anayemwona potwe akizama ghafla ajue kuna mtu amemsogelea mno.

*Nyoka wa baharini.* Anayefika pwani yetu ni wa aina moja tu: mgongo mweusi, tumbo la njano, mkia bapa kama kasia, naye huelea bahari ya wazi na si mkaaji wa mwambani. "Nyoka" wa mabaka anayeonekana akijipenyeza kwenye mchanga karibu kila mara ni jamaa ya mkunga. Angalia mkia: ukiwa umechongoka, si nyoka.

Hatua ya 6: Ukizamia usiku

Chagua mwamba uliouzamia mchana uleule. Kila mtu awe na tochi, na mmoja awe na ya akiba. Mulika kwa pembeni, usilenge macho. Pono utawakuta wamelala ndani ya mfuko mwembamba wa ute waliojitengenezea. Ukiugusa unachanika na samaki hatapata mwingine usiku huo kirahisi. Urchini hutoka nyufani wote, kwa hiyo ongeza nafasi iwe mita 2 juu ya mwamba. Pweza, dome na kamba wanatembea. Matumbawe yenyewe hutoa mikono kula, na ndiyo saa ya kuyaona kama wanyama.

Hatua ya 7: Ukichomwa

Panda kwa mwendo wa kawaida, usiozidi mita 9 kwa dakika. Maumivu ya samaki-jiwe ni makali kiasi cha kumfanya mtu apae juu, na hapo tatizo linakuwa mawili. Mwenzake amshike mkono hadi juu.

*Samaki-jiwe, samaki-simba, taa, urchini:* sumu yao huharibiwa na joto. Loweka sehemu iliyochomwa kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 30 hadi 90. Maji ya chupa ya chai yako juu zaidi ya hapo, yachanganye na ya bahari ndooni. Mtu mwingine ajaribu kwanza kwa mkono wake mzima, kwa sababu aliyechomwa hasikii vizuri na ataungua. Ongeza maji ya moto yakipoa. Aliyechomwa na samaki-jiwe aende hospitali hata maumivu yakitulia. Mwiba wa taa uliokwama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe; uzuiwe usitikisike na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Vipande vya urchini vilivyochomoza vitolewe kwa kibano. Vilivyozama na kukatika visichimbwe kwa sindano. Vingi huyeyuka au hutoka vyenyewe, na weusi unaobaki mara nyingi ni wino. Pwani wengi hupaka utomvu wa papai bichi. Kilichoingia kwenye kiungo cha kidole au goti ni cha daktari.

*Konyeza na tumbawe la moto:* tumbawe la moto lina rangi ya haradali na ncha nyeupe, na ni jamaa ya konyeza zaidi kuliko ya matumbawe halisi. Suuza kwa maji ya bahari, mimina siki, toa mikia iliyonata kwa kibano. Maji ya bomba, mchanga na kusugua hufyatua vichomo vilivyobaki. Mkojo hausaidii.

*Konokono koni na nyoka:* funga bendeji pana kuanzia kwenye jeraha hadi juu ya kiungo kizima, imara kama ya mguu ulioteguka, kisha kaza kiungo kwa ubao kisisogee. Usikate, usinyonye. Mgonjwa alale. Akishindwa kupumua, mpulizie pumzi bila kukoma mpaka hospitali. Sumu ikiisha nguvu mapafu yanaweza kurudi.

*Mikwaruzo ya matumbawe* haiumi sana siku ya kwanza na ndiyo maana hupuuzwa. Safisha kwa maji safi na sabuni mpaka chembe zote zitoke, paka dawa ya kuua vijidudu, na uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Hatua ya 8: Andika ulichokiona, hasa weupe

Baada ya kutoka andika tarehe, kina, joto la maji kutoka kwenye kompyuta yako ya kuzamia, na hali ya matumbawe. Ukiona tumbawe jeupe, tofautisha mambo mawili.

Likiwa jeupe lote, au jeupe zaidi upande wa juu unaopigwa na jua, na ukitazama kwa karibu unaona nyama laini inayopitisha mwanga bado ipo, hilo limepauka kwa joto. Bado ni hai, na maji yakipoa mapema linaweza kurudi. Miamba yetu ilipauka vibaya mwaka 1998, ikapauka tena 2016 na 2024, na dalili huanza kuonekana maji yakikaa juu ya nyuzi 30 kwa wiki kadhaa, kwa kawaida Machi na Aprili.

Likiwa na kipande cheupe pe kisicho na nyama, chenye mpaka mkali dhidi ya sehemu yenye rangi, hilo limeliwa. Chungulia chini yake na pembeni utafute taji la miiba, jamaa ya kiti cha pweza mwenye mikono mingi na miiba yenye sumu, mchana hujificha. Usimguse, na usimkate vipande kwa kisu, kwa sababu vipande vyake vinaweza kukua upya. Hesabu wangapi umewaona kwa dakika kumi za kuogelea, piga picha ukiweka kidole kando yake bila kugusa, kama kipimo, na upeleke taarifa kwa ofisi ya hifadhi ya bahari ya eneo hilo siku hiyohiyo, pamoja na jina la mwamba na kina.